Mauzo yanahesabiwa mara mbili Google Ads? Tuma namba ya oda

Ripoti ya Google Ads, mfumo wa matangazo wa Google, ikionyesha mauzo 14 wakati oda zilizoingia ni 9, anza na ukurasa wa "Asante kwa oda yako". Mteja huufungua tena apige skrinishoti, au simu inaupakia upya yenyewe akirudi kwenye kivinjari, na kila mara tagi (kipande cha msimbo kinachoripoti mauzo kwa Google Ads) inafyatuka, yaani inatuma ripoti tena. Dawa: kwenye tagi ya mauzo, jaza transaction_id (sehemu ya kitambulisho cha muamala) kwa namba halisi ya oda kutoka mfumo wa duka, mfano KZ-20418. Google Ads ikipokea namba ileile tena kwa tukio lilelile la mauzo, haiihesabu. Kisha weka oda moja ya majaribio, pakia upya ukurasa mara tatu, na tazama kwa Tag Assistant, zana ya Google ya kukagua tagi, kama namba haibadiliki.

Hapo ndipo wengi wanakwama. Namba ikitengenezwa kutokana na saa ya wakati huo, hubadilika kila upakiaji na marudio yanapita. Ikibandikwa moja ya kudumu kwenye msimbo, oda zote zinafanana na utaona uuzaji mmoja tu. Hili ni baya zaidi, maana linaficha mauzo ya kweli. Namba ya simu ya mteja usiitumie kabisa mahali pa namba ya oda.

Mbinu hii haizuii marudio kati ya matukio mawili tofauti, mfano moja la tagi na jingine lililoletwa kutoka Google Analytics. Bakiza moja tu kuwa la msingi (primary).