Kumtoa mtoto mdogo kuomba pipi Halloween: nyumba tano zinatosha

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hasa nyie ambao mtoto ndo kwanza anajifunza kutembea au bado yuko mgongoni, hii ni yenu. Halloween ni ile sikukuu ya tarehe 31 Oktoba, watoto wanavaa mavazi ya kuigiza na kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Mi nakaa Des Moines, Iowa, nimekulia Tanga, na mara ya kwanza jirani aliponiuliza mtoto atavaa nini Halloween nilimjibu "nguo" mana sikuelewa hata swali. Sa hivi nina wawili, nimeshatoka nao miaka minne, na kuna mwaka tulirudi baada ya dakika kumi tunalia wote mpaka mimi, kwaiyo ninayoandika hapa nimeyaonja.

Kwanza tuondoe aibu. Sisi tumelelewa kwamba mtoto akizunguka majumbani kwa watu kuomba anamwaibisha mama yake. Ila kumbuka Idi, watoto wamevaa vipya wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua mkono wa Idi, kuna aliyewahi kuwaita ombaomba? Huku ni ivyo ivyo, mwenye nyumba kanunua mapipi makusudi na asipopata watoto anasononeka kabisa. Kama imani yako haikuruhusu mambo ya mizimu na mafuvu sibishani na wewe, kila mtu na nyumba yake. Ila ujue makanisa mengi yanafanya ya kwao, watu wanapaki kwenye uwanja wa kanisa, wanafungua buti wamezipamba, watoto wanapita gari moja mpaka lingine. Wanaita trunk-or-treat, na kwa mtoto wa mwaka mmoja mi naona ndo bora kuliko barabarani, hakuna ngazi, hakuna magari yanayotembea, na choo kipo jirani.

Alafu tarehe. Usiende tu kwa sababu kalenda inasema tarehe 31 Oktoba. Hapa Des Moines huo usiku unaitwa Beggars' Night, yaani usiku wa ombaomba (jina lenyewe ndo hilo, we cheka tu), na kwa miaka mingi ulikuwa unafanyika tarehe 30, saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku. Miji mingine inapanga siku yake na saa zake, na hali ya hewa ikichafuka wanaweza kuahirisha, kwaiyo angalia tangazo la mji wako wiki hiyo hiyo. Na nyumba ya kugonga ni ile yenye taa ya barazani inawaka. Taa imezimwa pita, hata kama unawaona wamekaa wanaangalia tv.

Kwa mdogo toka mapema kabisa, saa zikifunguliwa tu uwe mlangoni. Huku Iowa mwisho wa Oktoba jua linazama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na wale wakubwa wa miaka kumi na kuendelea wenye vinyago vya kutisha wanatoka giza likishaingia, wewe saa hiyo uwe unarudi. Mchana hakikisha kalala. Ale chakula cha maana kabla ya kutoka, wali, ndizi, chochote anachopenda, mana mtoto mwenye njaa akishika pipi huwezi kumnyang'anya bila vita.

Nyumba ngapi? Tano. Nane kama ana nguvu. Mi mwaka ule wa kulia nilitaka tumalize mtaa mzima, nilikuwa nashindana na nani sijui. Mtoto wa miaka miwili nyumba ya kwanza anashangaa, ya pili anaelewa, ya tatu anataka kuingia ndani akae kwenye kochi la watu, ya tano kachoka na anataka kubebwa na kale kandoo ka pipi pia ubebe wewe. Chagua majirani unaowajua, waambie siku mbili kabla kwamba utapita na mdogo. Kama mnaishi apatimenti kama wengi wetu, muulize meneja wa jengo au nenda mtaa wa rafiki yako mwenye nyumba, mana kwenye majengo mengi hakuna anayegonga milango.

Mavazi sasa, hapa ndo watu wanakosea sana. Baridi huku haina utani, mwaka 1991 Minnesota theluji ilianza kudondoka siku yenyewe ya Halloween na mpaka inaisha Minneapolis ilikuwa imepata inchi 28 na ushee. Kwaiyo nunua vazi kubwa saizi moja au mbili zaidi ili koti liingie ndani yake, vinginevyo utavalisha koti juu na huyo simba wako hakuna atakayemwona. Vazi lisiburuze chini mana atajikwaa, na barazani kuna maboga yenye mishumaa, nguo ndefu ikipita pale ni moto. Soma lebo uone kama kitambaa kinastahimili moto. Kinyago usoni hapana, haoni vizuri na hapumui vizuri, mpake rangi kidogo puani inatosha, na hiyo rangi ijaribu mkononi siku moja kabla uone kama ngozi inawasha. Kamba shingoni pia hapana.

Kichanga ambaye bado hatembei ndo rahisi kuliko wote. Mi wa pili nilimfunga kwa kanga kifuani, nikavaa kijani mwili mzima, yeye kofia na soksi za njano, tukawa mgomba na ndizi. Haikunigharimu hata dola kumi na wazungu walituomba picha mtaa mzima. Koti lako likae juu yenu wote wawili lakini uso wake uwe wazi muda wote, uweze kuinamisha kichwa ukambusu utosini, na kidevu chake kisikandamizwe kifuani.

Mkienda kwa gari, vazi lolote lenye sponji au manyoya mazito livue kabla hajakaa kwenye kiti chake cha gari. Mikanda unaona imebana kumbe imebana sponji, gari likigongwa sponji inanywea na mtoto analegea ndani ya mikanda. Koti zito la baridi nalo ni ivyo ivyo, mfunge kwanza alafu mfunike na blanketi juu. Najua inachosha kuvua na kuvalisha kwenye parking, vumilia.

Mazoezi. Siku moja kabla, mchana, pita naye mtaani akaone mapambo. Kuna watu wanasimamisha mifupa ya futi 12 mbele ya nyumba, na mengine ukikanyaga karibu yanapiga kelele na macho yanawaka. Wa kwangu alikutana na moja lilimcheka gizani bila kujiandaa, ndo tulirudi dakika kumi. Mwonyeshe kuwa ni plastiki, mwache aliguse. Nyumbani mfanye mazoezi ya mlango, baba akae ndani mtoto agonge, aseme "trick or treat" (yaani tupe pipi au tukufanyie vituko), achukue moja tu, aseme asante. Moja tu hiyo rudia mara mia, mana akiona bakuli anazamisha mikono yote miwili.

Kwetu hapa kuna na nyongeza, mtoto lazima atoe utani kabla ya kupewa pipi, ni desturi ya mji. Utani wenyewe wa Kiingereza ni wa kuchezea maneno na mtoto wa miaka mitatu haufahamu hata umfundishe wiki nzima. Mi nikamfundisha kitendawili, nyumba yangu haina mlango, tukakigeuza Kiingereza. Siku ikafika, mlango ukafunguliwa, binti akapaza sauti "KITENDAWILI!" akanyamaza anasubiri. Mzee wa watu kashika bakuli anamwangalia, yeye anamwangalia, mpaka mimi nyuma nikasema "tega" ndo akaendelea. Yule mzee alicheka alipoambiwa jibu ni yai, na sasa kila mwaka anatusubiri.

Pipi. Hapa sina masihara. Chini ya miaka minne asile pipi ngumu za kumung'unya, bazoka, bisi, karanga nzima wala mashimelo, koo lake ni jembamba kama mrija na hizo zinaziba. Mwambie kabisa kwamba hakuna kula njiani, beba mfukoni biskuti zake alizozoea ili akililia kitu umpe hicho. Chini ya mwaka mmoja asionje kitu chenye asali hata kidogo, inaweza kumletea sumu mbaya ya botulizimu. Mkifika nyumbani mwaga vyote mezani kwenye mwanga, kilichofunguka tupa, na chochote kisicho na karatasi yake ya kiwandani au chenye lebo usiyoielewa tupa pia, mana kuna pipi za bangi zinafanana kabisa na za watoto.

Na kaa macho na vidude vinavyowaka taa, pete, bangili, vinyota. Ndani vingi vina betri ya duara kama kitufe, na mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo ndani ya masaa mawili tu. Ukihisi kameza usingoje na usimtapishe, mkimbize emajensi. Vile vijiti vya kung'aa gizani ni tofauti, akikitafuna kikapasuka atawashwa mdomo na atalia lakini kwa kawaida si hatari kubwa, mfute, mpe maji. Namba ya kituo cha sumu Marekani nzima ni 1-800-222-1222, bure, usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani. Iweke kwenye simu leo.

Kama mtoto wako ana aleji, tafuta nyumba zenye boga la rangi ya feruzi (bluu ya kijani) nje. Hilo maana yake wana zawadi zisizo za kula, stika, povu la kupuliza, kalamu. Ulianza Tennessee huo utaratibu na toka 2014 umesambaa nchi nzima. Mi naweka langu hata kama wangu hana aleji, stika za dola tatu zinatosha jioni nzima na hazioozeshi meno ya mtu.

Pipi zinazobaki (zitabaki nyingi) mi namwachia achague tatu za chokoleti laini, nyingine anazibadilisha na kamdoli asubuhi yake, zilizobaki naenda nazo kazini. Na tarehe 1 Novemba asubuhi pitia dukani, mavazi yanashuka bei mpaka nusu, nunua ya mwakani saa hiyo hiyo, saizi mbili mbele.