Somo: Kulisoma kanisa la Aulnay kwa kufuata mawe yake

Wadau, leo tuko Aulnay, kijiji cha Charente-Maritime, magharibi mwa Ufaransa. Kanisa la Mtakatifu Petro limesimama katikati ya makaburi, kwenye njia ya mahujaji waliotoka Paris wakipitia Tours na Poitiers kwenda Santiago de Compostela, mji wa hija huko Hispania. Ukiuliza umri wake utaambiwa karne ya 12. Sawa, lakini jibu hilo linaficha mengi.

Hatua ya 1. Usiingie kwanza. Zunguka mpaka mashariki, kwenye ukuta wa nusu duara nyuma ya madhabahu. Mafundi wa zama hizo walizoea kuanzia huko, ili misa isomwe huku ujenzi ukiendelea.

Hatua ya 2. Lango la kusini. Hapa usiwe na haraka. Juu ya mlango kuna matao manne yaliyochongwa, kila moja likilizunguka jingine. Kwenye mojawapo wameketi wazee wa Ufunuo, wameshika ala za muziki na vichupa. Biblia inasema wazee 24. Wahesabu: ni 31! Sidhani kama fundi hakuyajua Maandiko. Kila mzee ana jiwe lake, na tao lilihitaji mawe mengi. Nadhani aliona heri kuongeza wazee kuliko kuacha mawe matupu. Tao la nje kabisa lina viumbe vya kila namna, hata punda mwanamuziki.

Hatua ya 3. Magharibi. Kwenye tao la kushoto Petro anasulubiwa kichwa chini. Langoni, sanamu za fadhila zimevaa kivita na kuyakanyaga maovu. Kisha tazama nguzo nene, nzito, zilizoegemezwa ukutani. Hazifanani na michongo ile hata kidogo, kwa sababu ziliongezwa karne ya 15 kuuzuia ukuta usilale.

Hatua ya 4. Sasa ingia. Dari ni ya mawe, na haina dirisha hata moja. Dari nzito kama hiyo husukuma kuta nje, kwa hiyo kumbi mbili za pembeni zilijengwa kwenda juu karibu sawa na ukumbi wa kati, zikaubana huku na huku. Mwanga wote unapitia madirisha ya pembeni. Kanisa limejengwa kwa umbo la msalaba; ukifika mkono wake wa kusini, inua macho kwenye kichwa cha nguzo: kuna tembo, na maandishi ya Kilatini yanayosema "hawa ni tembo". Masikio yao ni madogo mno. Aliyewahi kufika Mikumi atacheka. Fundi naye alijua watu watauliza, ndiyo maana akaandika.

MASWALI

Mama Neema: Mwalimu, jiwe linachongwaje vidogo hivyo?
Jibu: Ni jiwe la chokaa, dada. Likitoka machimboni huwa laini, halafu hukazana likikaa hewani.

Fundi Juma: Mnara nao ni wa karne ya 12?
Jibu: Sehemu ya chini, ndiyo. Juu waliongeza baadaye. Tafuta mahali mtindo unapobadilika.

Kijana wa Moshi: Linalindwa?
Jibu: Limo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa tangu 1840, na UNESCO 1998 pamoja na njia za Santiago.

Mama Neema: Na punda anapiga nini?
Jibu: Chombo cha nyuzi. Kwa kwato, dada!