Namna ya Kufundisha Ishara ya Pili ya Seli T

Mwanafunzi wa uuguzi au utabibu anayefika kwenye somo la kinga ya mwili huwa amekwisha kukariri kwamba seli T (aina ya seli nyeupe za damu) huitambua antijeni, yaani kitu ambacho kinga hukitambua, kama sehemu ya kijidudu, kisha hushambulia. Maelezo hayo yana pengo, na mwalimu wa chuo cha afya hapa Dodoma atakuwa ametenda haki akiliziba mapema, kwa kuwa bila hivyo chanjo, saratani na upandikizaji wa viungo vitabaki kuwa mada tatu zisizohusiana. Kuitambua antijeni ni ishara ya kwanza tu. Seli T changa haianzi kazi kikamilifu mpaka ipate ishara ya pili, ambayo kwa kawaida hutolewa na seli ileile iliyoionyesha antijeni.

Anza kwa kuchora seli mbili ubaoni. Upande wa kushoto weka seli ya dendriti, yaani seli ya kinga inayoionyesha seli T antijeni, na upande wa kulia seli T. Mstari wa kwanza uunganishe MHC (protini ya juu ya seli inayoonyesha antijeni) iliyobeba kipande cha protini na kipokezi cha seli T. Mstari wa pili utoke kwenye CD80 na CD86, protini za juu ya seli iliyo kushoto, ufike kwenye CD28, kipokezi chake kilicho juu ya seli T kulia. Usiongeze kitu kingine siku hiyo, hata kama kitabu kimejaa majina, kwa sababu vipokezi vingine vya ishara ya pili, kama OX40, ICOS na wenzao, huja baadaye na hueleweka upesi kwa aliyeielewa CD28. Wanafunzi wengi wametoka katika familia zenye akaunti ya kikoba, ambako sahihi moja haitoi fedha. Mfano huo unafaa, ila waambie unapokomea. Sahihi ya pili ikikosekana, fedha hubaki salama, lakini seli T iliyopata ishara ya kwanza peke yake huzubaa, na baadaye huenda isiitikie hata ishara zote mbili zikiwapo. Marc Jenkins na Ronald Schwartz walilionyesha hilo maabara mwaka 1987. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kiini cha somo zima, kwani hapo ndipo mwili unapojizuia usijishambulie.

Swali linalofuata ni nani huipa seli ya dendriti sababu ya kutoa ishara ya pili. Ikiwa imetulia, huwa na CD80 na CD86 chache. Inapogusa vipande vya kuta za bakteria au chembe za urithi za virusi, huziongeza na kuelekea kwenye tezi za limfu. Hapa ni vyema darasa lihamie kliniki ya mama na mtoto. Omba kichupa cha chanjo ya penta (inayokinga magonjwa matano, kikiwamo kifaduro), ambayo mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na ukiache mezani kwa muda. Mashapo meupe yatatua chini, na ukikitikisa, kimiminika chote kitakuwa na weupe wa namna moja. Weupe huo ni chumvi ya alumini iliyobeba antijeni. Chanjo ikiganda kwa baridi, chumvi hiyo hushikana mabonge na kutua haraka, na ndiyo maana wahudumu hufanya jaribio la kutikisa. Mwanafunzi aelewe anachokilinda anapokagua joto la jokofu: protini iliyosafishwa, ikichomwa peke yake, huamsha kinga dhaifu. Chumvi ya alumini, pamoja na bakteria wa kifaduro waliouawa waliomo katika penta, huchangia kuziamsha seli zitakazotoa ishara ya pili. BCG, chanjo ya kifua kikuu, haihitaji alumini, kwa sababu ni bakteria hai, aliyedhoofishwa, mwenye kuta zake mwenyewe.

Kipindi cha pili kiwe cha ishara za kuzuia. Seli T ikishaamka huotesha CTLA-4, protini ya kuzuia iliyo juu ya seli, ambayo hushikana na CD80 na CD86 kwa nguvu zaidi kuliko CD28 na hivyo kuinyima CD28 nafasi. Tafiti za mwaka 1995 zilionyesha kuwa panya waliozaliwa bila CTLA-4 hufa wakiwa na wiki 3 hadi 4, viungo vyao vikiwa vimevamiwa na seli T. PD-1 nayo, kizuizi kingine kilicho juu ya seli T, hupunguza nguvu za seli T zinazokutana na antijeni ileile muda mrefu, kama ilivyo katika maambukizi sugu na ndani ya uvimbe wa saratani.

Seli nyingi za saratani hazina CD80 wala CD86, na nyingi hujikinga kwa kuichochea PD-1. James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba kukiondoa kizuizi kunaweza kuiachilia seli T ipambane na saratani; dawa ya kwanza ya namna hiyo, ipilimumabu, inayoizuia CTLA-4, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Wagonjwa wengine wanaopewa dawa hizi huvimba utumbo mpana, ngozi au tezi ya thairoidi, na mwanafunzi aliyeelewa habari za wale panya hatashangaa. Seli T zinazotengenezwa maabara dhidi ya saratani za damu hazikudumu mwilini mpaka zilipoongezewa kipande cha CD28 au cha 4-1BB, kipokezi kingine cha ishara ya pili.

Usiruhusu darasa liondoke likidhani kwamba kuchochea zaidi ni bora daima. Mwaka 2006 jijini London, watu sita waliojitolea walipewa kingamwili iliyoichochea CD28 bila kuhitaji ishara ya kwanza, na ndani ya siku moja wote walikuwa mahututi. Kinyume chake nacho kina faida: dawa ya belatasepti hufunika CD80 na CD86 ili figo iliyopandikizwa isikataliwe, jambo linalowahusu wanafunzi wetu moja kwa moja, kwa kuwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018.

Katika mtihani, uliza kisa hiki: mgonjwa wa saratani ya mapafu, aliyewahi kuugua kifua kikuu, anatarajiwa kupewa dawa inayoizuia PD-1. Jibu linalostahili alama zote litaeleza ni ishara ipi inayobadilishwa na katika seli ipi. Litataja kuwa panya wasio na PD-1 huzidiwa haraka na kifua kikuu, na kwamba ugonjwa huo umewahi kuibuka kwa wagonjwa waliopewa dawa hizo. Kisha litapendekeza historia kamili, picha ya kifua na kipimo cha makohozi kabla ya dozi ya kwanza.