Kufunga kisu cha kukunja chenye loki bila kujikata

Ukiwa unakata, macho yako yapo kwenye makali. Ukianza kufunga, kazi imeisha, vidole vina mafuta ya choma, na unakunja huku unaongea na mwenzako. Hapo ndipo kidole huachwa njiani.

Fungua kisu uutazame mpini kutoka upande wa makali. Utaona mfereji ambamo bapa hulala. Kidole chochote kilicho mdomoni mwa mfereji huo kitakatwa, kwa hiyo mpini hushikwa kwa mbavu zake mbili, haukumbatiwi kama mpini wa jembe. Kufunga nako kuna awamu mbili: kwanza unaachilia loki, ile inayolizuia bapa lisijikunje, na kusogeza bapa kidogo, kisha unasimama, unapanga vidole upya, ndipo unamalizia. Anayefanya zote mbili kwa mpigo mmoja anabahatisha.

Loki ya kibati ndiyo inayohitaji umakini kuliko zote, kwa sababu inakulazimisha kuweka kidole gumba ndani ya njia ya bapa. Ndani ya mfereji kuna kibati cha chuma kilichopinda kidogo. Bapa likifunguka lote, kibati huruka na kukaa nyuma ya kisigino cha bapa, yaani ile sehemu iliyo kwenye pini ambayo bapa huizunguka. Kwenye visu vingine kibati hicho ni sehemu ya mpini wenyewe, lakini mbinu ni ileile.

Shika mpini kwa mkono unaoutumia zaidi, makali yakitazama upande wa kidole gumba. Kwa gumba, sukuma kibati kirudi ubavuni kilikotoka hadi kiachane kabisa na kisigino. Kwa mkono wa pili, kamata bapa kwa mgongo wake, gumba na kidole cha shahada vikibana ubapa, ulikunje kiasi cha nyuzi 20 au 30 tu. Kisigino kikishapita kibati, loki haiwezi kurudi. Sasa toa gumba mferejini. Hakikisha limetoka, kisha sukuma mgongo wa bapa kwa kiganja mpaka lilale. Ikiwa kisu kina kile kijino kinachotokeza karibu na pini cha kukifungulia, kijino hicho ndicho kitakachogonga gumba kwanza ukichelewa kulitoa. Kitauma, ila kitakuokoa.

Visu vingi vya aina hii vimetengenezwa kwa wanaotumia mkono wa kulia. Wa kushoto asukume kibati kwa kidole cha shahada badala ya gumba.

Loki ya mgongoni utaitambua kwa kipande kinachobonyea kwenye mgongo wa mpini. Laza mpini kiganjani kwa ubavu, ncha za vidole ziishie kabla ya mfereji, kisha bonyeza kipande hicho kwa gumba. Mkono wa pili ushike bapa kwa mgongo na kulikunja hadi nusu. Acha kuibonyeza loki, panga vidole, malizia. Angalia hatua ya mwisho ya kukunja: springi hulivuta bapa ghafla na kulifunga kwa kishindo, hata kama ulikuwa unalishusha polepole.

Opinel, kisu cha Ufaransa chenye mpini wa mbao, hufungwa kwa pete. Zungusha pete mpaka mwanya wake ulingane na mfereji, kisha kunja kwa mikono miwili. Mvua za Aprili zikikolea, mbao huvimba na kulibana bapa. Usilivute kwa nguvu. Gonga mpini kwenye mbao au meza ili bapa lilegee, au kiache kisu kivulini kikauke taratibu.

Kwenye loki ya kitufe au ya kijiti kinachokatiza mpini, vidole vinabaki nje ya njia, na hilo ndilo zuri lake. Ubaya ni kwamba bapa likiachiliwa huanguka kwa uzito wake, hasa pini ikiwa imelegea. Lishike mgongoni hadi mwisho.

Kuna wanaopenda kufunga kwa mkono mmoja, bapa likiangukia kidole cha shahada. Njia hiyo huwezekana tu pale ambapo sehemu ya bapa iliyo karibu na mpini haikunolewa. Kama makali yanafika hadi mpinini, sahau. Ukitaka kujifunza, funika makali kwa selotepu tabaka mbili au tatu kwanza.

Loki ikikwama, mara nyingi ni utamu wa embe uliokauka, mafuta ya nyama au vumbi. Usiigonge. Zungushia bapa kipande cha ngozi au katoni nene, kisha sukuma loki. Baadaye osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, kausha, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Zaidi ya hapo utakuwa unakusanya vumbi la barabara.

Kagua pia kibati: kikivuka kisigino chote na kugusa ukuta wa pili, kimelika. Kisu hicho kinaweza kujifunga mkononi ukichoma kitu kwa ncha, na kukaza skrubu hakutakiponya. Kibadilishe.

Ukijikata, bana kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Kidole kikifa ganzi, kikikataa kukunjika au damu ikigoma kukatika, nenda hospitali, na uulizie sindano ya pepopunda.