Kijani cha wiki mbili si malisho

Masika yakishachanganya tu, simu haziishi: "Dokta, majani yameshatoka, niwafungulie?" Usifungulie. Hilo eneo ulilizungushia seng'enge kwa sababu ng'ombe walilichapa hadi likabaki mchanga mtupu, na sasa unataka kulimalizia.

Yale majani mawili ya kwanza hayajaanza kujitafutia. Yametoka kwa akiba ndogo iliyobaki kwenye mizizi na kishina. Ng'ombe akiyakata, shina linachota akiba tena. Akirudi mara ya tatu hakuna cha kuchota, mizizi inakufa, na nafasi inachukuliwa na magugu ambayo ng'ombe hayagusi hata akiwa na njaa.

Subiri kila chipukizi liwe na majani matatu au manne yaliyofunguka kabisa. Kwenye mvua nzuri ni kama wiki 4 hadi 6, ila kalenda peke yake inadanganya. Chukua rula ya mtoto. Nyasi za Rhodes ziwe zimefika sentimita 40, guinea 50 na kuendelea, ndipo waingie. Zikibaki sentimita 15, watoke siku hiyohiyo. Na usipimie getini! Ukiwa getini upara wote, yaani ardhi tupu kati ya nyasi, unajificha. Ingia ndani utazame chini ya miguu yako. Kisha zungushia majani mkononi, uyavute kwa ghafla kama ng'ombe anavyofanya. Yakikatika, sawa. Yakija na mizizi, funga geti.

Mfugaji mmoja wa Chanika alinihakikishia kapumzisha eneo miezi mitatu. Julai hadi Septemba! Siku za kiangazi hazihesabiwi kama mapumziko, majani yalikuwa yamelala.

Palipochimbwa mchanga hakuna mizizi ya kusubiri. Panda mbegu masika yanapoanza, kilo 3 za Rhodes kwa ekari. Kina kisizidi sentimita moja. Mnafukia kama mahindi halafu mnalaumu mbegu. Mwaga juu, buruta tawi lenye majani, kanyaga, basi. Msimu wa kwanza ng'ombe asikanyage hapo: acha majani yadondoshe mbegu, ndipo ukate uwapelekee bandani.

Upara ukizibika kati ya shina na shina, uko vizuri.

Marobota ya nyasi kavu ya kuwalisha wiki hizo za kusubiri yanunuliwe kabla ya mvua, si siku ng'ombe wameanza kulia.