SOMO: Kutoa makaa safi kwenye tope la makaa ya mawe kwa kutumia ndoo

Nimeulizwa hili inbox mpaka basi. Naliweka hapa, atakayeuliza tena nampa linki. Hili ni jaribio la kujua kama tope lako lina faida kabla hujakopa hela ya mashine. Makaa ya mawe hayashiki maji, udongo unashika. Ukipuliza hewa, viputo vinapanda na makaa, udongo unabaki chini.

1. Kausha tope, chekecha. Chukua kilichopita tundu la nusu milimita.

2. Gramu 400 ndani ya maji lita 5. Koroga.

3. Toa mfinyanzi. Msiruke hatua hii! Mfinyanzi ni laini mno, unapanda na povu bila hata kushikwa na kiputo, kisha unashangaa "makaa safi" yako yana majivu yaleyale, maana udongo hauungui. Acha ndoo itulie dakika 10 kwa kina cha shibiri moja, mwaga maji ya juu yenye rangi ya chai ya maziwa, jaza mengine, rudia mpaka yapungue ukungu. Ukimwaga mapema unamwaga na makaa. Na USITIE SHABU ili maji yatakate haraka: inagandisha mfinyanzi na makaa pamoja, kazi imekwisha.

4. Rudisha maji lita 5. Dizeli nusu mililita (sindano ya duka la dawa), koroga kwa nguvu dakika 3.

5. Matone mawili ya mafuta ya paini (ya kutengeneza povu), kisha hewa kwa pampu ya tangi la samaki. Kwangua povu jeusi. Likigeuka kijivu, acha.

6. Kausha, kapime majivu maabara: yachomwe kwa nyuzi 815 za Selsiasi, povu na mabaki ya ndoo yote mawili.

MASWALI

kijana_wa_songwe: Mkuu mimi halielei kabisa.
Mwandishi: Dizeli umetia? Hatua ya 4.
kijana_wa_songwe: Nimetia. Tope ni la rundo la zamani, limepigwa jua na mvua miaka.
Mwandishi: Ungeanza na hilo, ndugu. Makaa yaliyokaa nje yanaoza juu kwa hewa, yanaanza kupenda maji. Ongeza dizeli kidogo kidogo, au koroga tope zito kwa nguvu kwanza ili ngozi ile ichubuke. Chimba pia sampuli ya katikati ya rundo, ulinganishe.

mama_briketi: Sabuni ya vyombo badala ya paini?
Mwandishi: Povu utapata. Ila ikizidi inalowesha na makaa, yanazama.

Dr_Vumbi: Salfa nayo inatoka?
Mwandishi: Swali zuri. Iliyo kwenye chembe za pairaiti (madini ya chuma na salfa) hutoka kiasi, ingawa nayo hupenda kuelea. Iliyofungwa ndani ya makaa yenyewe haitoki kwa maji.

bosi_mtarajiwa: Kwa hiyo nipikie ndani?
Mwandishi: Hapana. Majivu yamepungua, moshi na hewa ya sumu vipo palepale.

mama_briketi: Na chenga za mkaa wa miti?
Mwandishi: Hizo hazihitaji dizeli. Mimina kwenye pipa la maji, mchanga unazama, opoa haraka kabla mkaa haujanywa maji ukazama nao.