Jinsi ya Kukodisha Kiwanja Kidogo Chenye Uzio kwa Ajili ya Mbwa Kukimbia: Mwongozo kwa Mwenye Ardhi Pembezoni mwa Nairobi

Katika mitaa mingi ya Nairobi na viunga vyake, mbwa hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku ili alinde boma. Mbwa wa namna hiyo anaweza kuishi miaka kadhaa bila kupata nafasi ya kukimbia mita 100 mfululizo. Mwenye mbwa anayetaka kumtembeza hukabiliwa na barabara zisizo na njia ya waendao kwa miguu, bodaboda, mbwa koko na majirani wenye hofu. Na akimpeleka katika Msitu wa Karura, atakuta wakimbiaji, waendesha baiskeli, watoto na tumbili, kwa hiyo kumfungua kamba si jambo la busara. Kiwanja kidogo kilichozungushiwa uzio imara, ambacho familia moja hukikodi kwa muda mfupi na kuwa humo peke yake na mbwa wake, hukidhi haja hiyo. Ninaendesha kiwanja cha aina hii, na hatua zifuatazo ni zile ambazo ningemwelekeza mtu yeyote mwenye ardhi iliyolala bure.

Kabla ya hatua yoyote, elewa unachouza. Mteja halipii nyasi. Analipia uhakika wa mambo matatu: kwamba mbwa wake hatatoka, kwamba mnyama mwingine hataingia, na kwamba hatakutana na mbwa asiyemfahamu. Matumizi yasiyohusiana na moja ya mambo hayo yanaweza kusubiri.

Hatua ya 1: Pima ardhi na upige hesabu ya uzio

Ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100 ni sehemu ya nane ya ekari hivi, na mzingo wake ni futi 300, yaani karibu mita 91. Mbwa mdogo au mzee ataridhika nayo, lakini mbwa wa Kijerumani mwenye afya ataimaliza kwa hatua chache na kuanza kuzunguka uzio akitafuta pa kutokea. Ploti nne zilizoungana kuwa futi 100 kwa 200 zina eneo mara 4 ya hilo, ilhali mzingo wake ni futi 600 tu, mara 2. Kwa hiyo kadiri kiwanja kinavyokuwa kikubwa, ndivyo kila mita ya uzio inavyokupa nafasi zaidi. Umbo nalo lina gharama zake: kipande chembamba na kirefu hula waya mwingi kuliko kipande chenye pande zinazokaribiana. Kwa maoni yangu, nusu ekari ndicho kipimo kinachofaa zaidi kwa mtu anayeanza.

Tazama pia udongo. Udongo mwekundu wa Kiambu hushika nguzo vizuri na hupitisha maji. Udongo mweusi wa sehemu za Karen, Langata na Kajiado huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo nguzo huinama, na nyufa hufunguka chini ya waya. Ardhi ya namna hiyo haikatazi biashara hii, ila inadai mashimo ya nguzo yenye kina zaidi, zege ya kutosha, na njia ya murram kutoka maegesho hadi langoni.

Hatua ya 2: Zungumza na majirani, kisha nenda kaunti

Anza na majirani, kwa sababu malalamiko yao ndiyo yatakayofikishwa kaunti. Waeleze saa utakazofungua, idadi ya mbwa utakaoruhusu kwa wakati mmoja, na namba ya simu watakayopiga kelele zikizidi. Aliye na kuku, mbuzi au ng'ombe upande wa pili wa uzio anastahili kusikilizwa zaidi kuliko wote.

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ruhusa ya kubadilisha matumizi ya ardhi hutolewa na serikali ya kaunti. Uliza mapema kama shughuli yako inahitaji ruhusa hiyo, na kama hati yako ya kumiliki ardhi ina masharti yanayoizuia. Leseni ya biashara ya kaunti utaihitaji kwa vyovyote. Ikiwa ardhi umeikodi, pata idhini ya maandishi ya mwenyewe kabla ya kununua hata msumari.

Hatua ya 3: Jenga uzio

Hapa usibane matumizi. Urefu wa futi 6 unatosha kwa mbwa wengi, lakini wapo wanaopanda waya kama paka, na kwa ajili yao futi 8 ni bora. Nunua wavu wa waya uliosukwa na uliopakwa zinki, na ukumbuke kwamba kwa waya, namba ya geji inapopungua unene huongezeka: geji 12.5 ni nene kuliko geji 16. Waya wa geji 16 hupinda mbwa mzito anapoufanyia mazoezi ya kuruka, na matundu yake hupanuka kidogo kidogo bila wewe kutambua. Mabunda mengi madukani ni ya mita 18, kwa hiyo kwa mzingo wa mita 183 utahitaji mabunda 11.

Nguzo za zege zisiachane kwa zaidi ya mita 3, na kila nguzo ya kona iwe na mihimili miwili ya kuitegemeza. Funga wavu kwenye nguzo kwa upande wa ndani, ili mbwa akiusukuma auegemeze kwenye nguzo badala ya kuubandua. Pitisha waya mnene wa kukaza juu, katikati na chini.

Sehemu ya chini ndiyo inayoamua kila kitu. Mbwa wengi hawaruki, wanachimba. Tandaza ukanda wa wavu wenye upana wa sentimita 50 hadi 60 ardhini, upande wa ndani, uufunge kwenye wavu uliosimama, kisha uufukie kwa udongo na uache nyasi zimee juu yake. Mbwa huanza kuchimba pale pale uzio unapokutana na ardhi, na makucha yake hugonga waya. Hafikiri kurudi nyuma nusu mita na kuanza upya. Mahali ambapo mfereji unapita chini ya uzio, weka kizuizi cha nondo kilichoshikwa na zege, kwa kuwa mvua moja ya Aprili inaweza kufungua pengo la kupitisha mbwa mzima.

Ondoa seng'enge ya miba popote mbwa anapoweza kuifikia, kwa maana huchana ngozi na kope. Ikiwa boma lako lina uzio wa umeme, nyuzi zake zibaki juu kabisa. Mbwa aliyepigwa umeme katika mahali alipoletwa kustarehe hatataka kurudi, na mwenye mbwa pia hatarudi.

Langoni, jenga ua mdogo wenye malango mawili. Mteja huingia kwa lango la kwanza, hulifunga, humfungua mbwa kamba, ndipo hufungua la pili. Malango yote yafunguke kuelekea ndani ya kiwanja, ili mbwa akiyasukuma ayafunge zaidi. Chini ya kila lango mwaga kizingiti cha zege, kwa kuwa pengo la sentimita 10 linamtosha mbwa mdogo.

Ukiwa na subira, panda kayaba nje ya wavu. Ua huo wa miba huwazuia wezi na mbwa koko, na ukishakomaa huziba macho. Mbwa asiyeona wapita njia habweki, na kwa mbwa mwoga hilo ni nusu ya tiba. Wakati kayaba inakua, wavu wa kivuli wa kijani unaofungwa hadi usawa wa kiuno hufanya kazi hiyo.

Hatua ya 4: Safisha ndani ya kiwanja

Bustani za Nairobi zimejaa mimea yenye sumu kwa mbwa. Ng'oa mbarika, ambao mbegu zake zinaweza kuua. Ng'oa oleanda ya waridi na ile ya njano inayopandwa sana kama ua. Na ung'oe kile kichaka cha mapambo ambacho maua yake huanza ya zambarau kisha hugeuka meupe, kwa kuwa mbwa huvutiwa na matunda na mbegu zake na hupata degedege. Mnyaa nao uondolewe: utomvu wake mweupe huunguza macho ya mbwa na ya fundi anayeukata, hivyo avae miwani.

Nyasi zikatwe fupi. Nyoka kama kifutu hupenda nyasi ndefu, marundo ya mawe na kuni, na pia kupe wengi hungoja kwenye majani marefu. Hata hivyo kukata nyasi hakutoshi. Kupe wa kahawia wa mbwa, anayeeneza homa ya kupe, huishi hasa kwenye nyufa za kuta, mbao na mabanda, na huweza kukaa miezi mingi bila kula. Kwa sababu hiyo kibanda cha wateja kijengwe kwa nguzo laini za chuma na sakafu ya zege isiyo na nyufa, wala usiweke makochi ya zamani wala magodoro.

Maji yawe ya bomba, na kila mteja aje na bakuli lake. Bakuli la pamoja ni njia rahisi ya kuambukizana magonjwa.

Hatua ya 5: Weka masharti ya afya na uyasimamie

Dai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ambacho muda wake haujaisha. Kenya ina mpango wa kutokomeza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na karibu maambukizo yote kwa watu hutokana na kuumwa na mbwa. Biashara inayokusanya mbwa haiwezi kulegeza sharti hili hata kwa rafiki.

Usipokee watoto wa mbwa ambao hawajakamilisha chanjo zao, ambazo dozi ya mwisho hutolewa wakiwa na wiki 16 au zaidi. Virusi vya parvo, vinavyowaharisha na kuwaua watoto wa mbwa, hukaa udongoni kwa miezi mingi. Sakafu ya zege unaweza kuiosha kwa dawa ya klorini, lakini nyasi huwezi kuziua vijidudu. Majike walio kwenye joto pia wasubiri nyumbani.

Kinyesi kiokotwe mara moja. Nchini kwetu kuna mnyoo unaojenga uvimbe kwenye umio wa mbwa, na mbwa huupata kwa kula mdudu mla mavi aliyekula kinyesi chenye mayai ya mnyoo huo. Kinyesi kikiokotwa kabla ya mdudu kukifikia, mzunguko unakatika. Weka ndoo yenye kifuniko na mifuko langoni, na ukitupe katika shimo refu lililo mbali na kisima na mboga.

Hatua ya 6: Panga vipindi na bei

Kipindi kiwe dakika 50, na dakika 10 zinazobaki ziwe za kuondoka, ili magari mawili yasikutane langoni. Hapa karibu na ikweta jua huchomoza takriban saa 12 na nusu asubuhi na kuzama takriban saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, kwa hiyo saa zenye ubaridi ni chache na hazibadiliki. Alfajiri hadi saa 3, na alasiri kuanzia saa 10, ndizo wateja wanazozitaka. Saa za mchana uzitoe kwa bei nafuu, lakini mbwa wenye pua fupi usiwapokee jua likiwa kali, kwa kuwa hushindwa kupoza miili yao.

Pokea malipo ya M-Pesa kabla ya kipindi, kisha umtumie mteja namba ya kufuli, na uibadilishe mara kwa mara. Hifadhi majina, simu na vyeti kwa kiasi unachohitaji tu, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

Kuhusu bei, fanya hesabu ya namna hii. Chukulia kwamba umetumia shilingi 700,000 kuanzisha, na kila mwezi hutumia 30,000 kwa mfanyakazi, nyasi na bima. Kwa shilingi 1,000 kwa kipindi, vipindi 3 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, unapata 75,000. Zinabaki 45,000, na mtaji hurudi baada ya miezi 16 hivi. Vipindi vikishuka hadi kimoja kwa siku, unapata 25,000 na unaanza kula hasara. Utaona kwamba idadi ya wateja wa kudumu ina uzito kuliko bei, kwa hiyo wape punguzo wanaolipia mwezi mzima.

Hatua ya 7: Jiandae kwa dharura

Kata bima ya dhima kwa watu wengine, na umwombe wakili akuandikie fomu ya masharti. Fomu hiyo haikuondolei wajibu: chini ya sheria ya Kenya ya dhima ya mwenye mahali, Sura ya 34, unapaswa kuhakikisha kwa kiasi kinachofaa kwamba mgeni yuko salama, na tundu ulilolijua na kuliacha litakuhukumu.

Bandika langoni namba za kliniki ya mifugo iliyo karibu na za hospitali. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa ana cheti. Mbwa akitemewa sumu ya swila machoni, macho yasafishwe kwa maji mengi mfululizo huku akipelekwa kliniki. Ikiwa uko karibu na Mbuga ya Nairobi, ambako chui huwinda mbwa, funga kiwanja kabla ya giza kuingia.

Hatua ya 8: Kagua uzio kila asubuhi

Kabla ya mteja wa kwanza, mfanyakazi wako azunguke uzio wote kwa miguu, akiinama, kwa sababu mapengo ya hatari huonekana kutoka kimo cha mbwa. Asukume wavu kwa goti, avute kila lango, atazame mfereji, na aandike tarehe na alichokiona kwenye daftari. Ajiri mtu asiyeogopa mbwa na asiyewapiga, umlipe vizuri, na umpe mamlaka ya kufuta vipindi bila kukuuliza. Akikuta waya umekatwa saa 12 asubuhi, wateja wapigiwe simu, warudishiwe fedha zao, na kiwanja kibaki kimefungwa hadi fundi amalize.